Flashi Yako Iandike Mwenyewe

Dar es Salaam,
Januari 2026

Mpwa wangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba stesheneri ya mama yako imejaa wateja tangu shule zifunguliwe.

Umeniomba nikuwekee Linux kwenye flashi, niikabidhi kwa basi la Songea, nawe uipige kwenye ile ThinkPad T440 aliyokuachia kaka yako. Sitaituma, na wala si uchoyo. Flashi ya kuwashia kompyuta inashika usukani kabla ya ulinzi wa Windows kuanza kazi. Nenosiri la Windows halitaizuia, wala kinga yake ya virusi haitaichunguza. Anayekupa flashi ya namna hiyo amekuomba umkabidhi mashine nzima. Ukiipokea kutoka kwangu utakuwa umeniamini mimi, umemwamini konda, na umemwamini kila aliyeishika hadi ikakufikia. Ukiitengeneza mwenyewe huna haja ya kumwamini mtu, kwa sababu kila hatua ina namna yake ya kukaguliwa. Hilo la kukagua ndilo nitakalokuandikia hapa. Kubofya utajua mwenyewe.

Uamuzi wenyewe wa kuhamia Linux nauunga mkono. Microsoft ilimaliza masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. T440 ina prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, na Windows 11 inataka kuanzia kizazi cha nane, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine yako haimo kwenye orodha. Utaambiwa kuna ujanja wa kulikwepa sharti hilo, na kweli upo, lakini kwa RAM ya GB 4 utakuwa unasubiri kila unachofungua. Linux Mint toleo la Xfce inaendeka vizuri kwa RAM hiyo hiyo, na matoleo ya namba 22, yaliyojengwa juu ya Ubuntu 24.04, yamehakikishiwa masasisho mpaka mwaka 2029. Na ni ya bure kihalali, huibi kwa mtu.

Nimelitaja la kuiba kwa sababu najua huko mjini, kama huku, mtu akisema anataka "kupigiwa Windows" hupelekwa kwa fundi mwenye flashi moja inayozunguka mashine zote. Windows iliyomo hakuilipia, na imefungwa pamoja na kiprogramu cha kuilaghai Microsoft ione leseni imelipwa. Kiprogramu hicho kikifika kwenye kompyuta, jambo la kwanza kinaloomba ni uzime kinga ya virusi. Fikiria ombi hilo limetoka kwa nani na kwa faida ya nani. Fundi mwenyewe huenda ni mtu mwema. Naye flashi alipewa na mwenzake, na ukimuuliza faili lilitoka wapi hana jibu. Wewe nataka uwe na jibu.

Sasa tuingie kazini. Faili utakalopakua linaishia na .iso, na ni diski nzima iliyonakiliwa, kuanzia baiti ya kwanza hadi ya mwisho, ikafungwa ndani ya faili moja. Ndiyo maana kuliburuta na kuliacha kwenye flashi kama unavyofanya na nyimbo hakusaidii kitu. Ni sawa na kumpa mpangaji mchoro wa nyumba ukamwambia alale humo. Lazima yaliyomo yaandikwe juu ya flashi yenyewe, kila baiti mahali pake, hadi flashi iwe ile diski.

Kwa nini mahali pawe na uzito hivyo? Kwa sababu kompyuta inapowashwa haijui chochote kuhusu mafaili yako. Mashine za zamani za BIOS husoma sekta ya kwanza kabisa ya diski, baiti 512 tu, na kuangalia kama mbili za mwisho ni 55 na AA. Zikiwa ndizo, mashine inaendesha kilichomo. Zisipokuwa ndizo, inapita. Mashine za UEFI, na yako ni mojawapo, husoma jedwali la patisheni, hutafuta patisheni ya aina ya FAT, kisha ndani yake hutafuta faili linaloitwa BOOTX64.EFI kwenye folda ya EFI/BOOT. Lisipokuwepo mahali hapo, flashi haitawaka, hata kama imejaa mafaili mazuri kiasi gani. ISO za Linux za siku hizi zimepangwa kwa ustadi ili zitumike pande zote mbili: ukizichoma kwenye DVD zinawaka, na ukiziandika moja kwa moja kwenye flashi zinawaka pia. ISO za Windows hazikupangwa hivyo. Siku ukihitaji flashi ya Windows halali, tumia programu ya Microsoft yenyewe au Rufus, maana mojawapo ya mafaili yake mara nyingi huzidi GB 4, na FAT32 haipokei faili kubwa kuliko hapo. Wengi huchanganya mambo haya mawili, kisha wanailaumu flashi.

Kupakua. ISO ya Xfce ni karibu GB 3. Kama laini yako ina bando la usiku, hiyo ni kazi ya usiku. Usipakue kwa kivinjari ikiwa mtandao unakatikakatika, kwa sababu ukikatika kwenye asilimia tisini unaweza kulazimika kuanza upya. Chukua torenti kutoka tovuti ya Linux Mint yenyewe. Torenti hugawa faili vipande, hukagua kila kipande kinapofika, kilichoharibika hukitupa na kukiomba tena, na umeme ukikatika huendelea pale ilipoachia.

Faili likishafika, ulijue kabla hujaliandika popote. Hapa ndipo watu huruka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye ukurasa wa kupakua utakuta pia faili dogo liitwalo sha256sum.txt. Ndani yake, mbele ya jina la kila ISO, pana mfululizo wa tarakimu na herufi 64. Huo ni muhtasari wa faili zima uliokokotolewa kihesabu. Ukibadilisha nukta moja tu ndani ya zile GB 3, mfululizo wote hubadilika, si kwa herufi moja bali toka mwanzo hadi mwisho. Kwenye Windows ya dukani fungua dirisha la amri, nenda kwenye folda yenye faili (mimi nimelifupisha jina liwe linuxmint.iso), kisha andika:

certutil -hashfile linuxmint.iso SHA256

Subiri kidogo, itakupa herufi zako 64. Zilinganishe na zile za sha256sum.txt. Usiangalie nne za mwanzo tu ukasema zinafanana. Nakili zote mbili uziweke juu na chini kwenye Notepad, tofauti itajionyesha yenyewe. Zisipolingana usijaribu kubahatisha. Mara nyingi sana ni upakuaji ulioharibika, basi pakua tena. Lakini mara chache ni jambo jingine.

Tarehe 20 Februari 2016, wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint hiyo hiyo ninayokuelekeza. Hawakugusa seva zenye mafaili halisi. Walibadilisha viungo, hivyo aliyebofya kupakua Mint 17.3 Cinnamon siku hiyo alipelekwa kwenye seva yao na kupewa ISO yenye mlango wa nyuma. ISO hiyo iliwaka vizuri na ilionekana kama Mint yoyote. Wenye mradi waligundua, wakaitangaza habari hiyo hadharani na kuizima tovuti hadi waisafishe. Sikuelezi haya ili uiogope Mint, kwani ungamo la wazi namna ile ni sababu mojawapo ya mimi kuendelea kuitumia. Nakueleza ili uone kwamba kupakua kutoka tovuti sahihi peke yake si uthibitisho. Aliyelinganisha faili lake na namba iliyochapishwa kabla ya udukuzi aliona kasoro. Asiyelinganisha aliipiga kwenye kompyuta yake akalala.

Utauliza, na swali lako litakuwa zuri: anayeweza kubadilisha kiungo kwenye tovuti, atashindwaje kubadilisha na ile namba? Hatashindwa. Ndiyo maana namba usiichukue mahali pamoja. Mint huhifadhiwa kwenye seva nyingi duniani, nyingi za vyuo vikuu na watoa huduma za intaneti. Fungua seva mbili za nchi tofauti usome sha256sum.txt ya kila moja. Halafu kuna kinga iliyo juu zaidi: pembeni ya faili hilo kuna jingine, sha256sum.txt.gpg, ambalo ni sahihi ya kidijitali ya wenye mradi. Kuibadilisha namba ni rahisi. Kuighushi sahihi bila ufunguo wao wa siri ni suala jingine kabisa. Ukishakuwa na Linux, amri ni hii:

gpg --verify sha256sum.txt.gpg sha256sum.txt

Sahihi inathibitisha orodha, orodha inathibitisha faili. Utahitaji kwanza kuupata ufunguo wao wa wazi na kulinganisha alama zake na zilizotangazwa sehemu zaidi ya moja. Kwa safari hii ya kwanza linganisha namba kutoka seva mbili. Sahihi tutaifanya pamoja baadaye.

Tuje kwenye flashi. Ya GB 8 inatosha, ya GB 16 ni nzuri. Jihadhari na zile za bei ya kutupa zilizoandikwa uwezo mkubwa usiolingana na bei. Ndani yake kuna kidhibiti kilichofundishwa kusema uongo: kinaiambia kompyuta "mimi ni GB 128", kumbe chipu ya kumbukumbu ni ya GB 8. Unaandika, inapokea bila kulalamika, na kila kinachozidi uwezo wa kweli kinapotea au kinakanyaga kilichotangulia. Hupewi ujumbe wa kosa. Kwenye Windows kuna kiprogramu cha bure kiitwacho H2testw, na kwenye Linux kipo F3. Vyote hufanya jambo moja la busara: huijaza flashi data inayojulikana, kisha huisoma yote tena kuona kama imerudi kama ilivyokwenda. Inachukua muda, lakini flashi mpya kwangu haianzi kazi kabla haijapita hapo.

Sasa kuandika kwenyewe. Hapa nakuomba ulifikirie duka la mama yako lilivyo. Kompyuta ni moja, na ndiyo inayolipa ada. Ubavuni mwake kuna ile diski ya nje yenye nakala za kazi za wateja: barua, wasifu, mitihani ya shule. Na karibu kila saa kuna flashi ya mteja iliyochomekwa na kusahauliwa. Programu ya kuandika ISO haijui ipi ni ya kufutwa na ipi ni riziki ya familia. Utaielekeza, nayo itatii. Kwa hiyo kabla hujaifungua, chomoa kila kitu: diski ya nje, flashi za wateja, simu inayochajiwa, hata kisoma kadi. Ibaki flashi yako peke yake. Kazi yenyewe ifanye duka likishafungwa, mteja asije akachomeka yake wakati unatazama pembeni.

Kwa mara ya kwanza tumia balenaEtcher. Kupakua kwake ni kuzito kuliko Rufus, lakini ina tabia ninayoitaka: ikimaliza kuandika, inasoma tena ilichoandika na kukilinganisha na faili. Ina hatua tatu tu, kuchagua faili, kuchagua flashi, kuanza. Kwenye hatua ya pili soma ukubwa. Usishtuke kama flashi ya GB 16 itaonekana ina 14.9 kwenye Windows. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows kwa 1024, wala hujaibiwa. Ukiona mamia ya GB, simama, hiyo si flashi yako.

Itachukua muda gani? Bandari ya USB 2.0 kwenye karatasi inaweza MB 60 kwa sekunde, lakini flashi ya kawaida huandika MB 8 au 10. Gawanya GB 3 kwa MB 8 utapata dakika sita na ushee, kisha ongeza muda wa ukaguzi. Ukiona imeisha kwa sekunde ishirini kwenye flashi ya bei rahisi, usifurahi.

Ikimaliza, Windows itakurukia na kisanduku kikisema diski hii inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Kataa. Inasema hivyo kwa sababu haielewi mpangilio uliomo, na ukikubali utafuta kazi yako yote. Pengine pia itakuonyesha flashi imebaki na MB chache tu. Haijaharibika, siku ukitaka kuirudisha kubebea nyimbo utaifomati upya na nafasi yote itarudi. Kuna faida nyingine ambayo stesheneri yoyote inaijua thamani yake: sehemu kubwa ya flashi iliyoandikwa hivi ni ya kusomwa tu, kwa hiyo virusi vya kuhamahama vinavyogeuza mafolda ya watu kuwa njia za mkato havina pa kujiandika humo kirahisi.

Ukishakuwa na Mint kwenye T440 utaweza kuandika flashi nyingine bila Etcher. Mint inakuja na kiprogramu chake cha kazi hiyo, lakini nataka ujue na amri ya kale, dd, iliyokuwemo kwenye Unix tangu miaka ya 1970. Haina picha, haina maswali. Kwanza waone waliopo:

lsblk -o NAME,SIZE,TRAN

Kwenye mashine kama yako utaona kitu cha namna hii:

sda 223.6G sata
sdb 14.9G usb
sdb1 14.9G

Soma taratibu. sda imeunganishwa kwa sata, ina GB 223.6, hiyo ni diski ya ndani yenye kila kitu chako. sdb imekuja kwa usb na ina 14.9, hiyo ndiyo flashi. sdb1 ni patisheni iliyo ndani ya flashi. Usikariri kwamba flashi ni sdb siku zote. Leo ni sdb, kesho ukiwa na kitu kingine kimechomekwa itakuwa sdc. Majina haya hugawiwa kwa jinsi vifaa vinavyogunduliwa, hivyo amri ya lsblk ni ya kila mara, si ya mara ya kwanza tu. Kama flashi imejifungua yenyewe kwenye mafaili, ifunge kwa sudo umount /dev/sdb1, kisha:

sudo dd if=linuxmint.iso of=/dev/sdb bs=4M conv=fsync status=progress

Neno la if= ni inakotoka data, of= ni inakokwenda, bs=4M ni kusoma na kuandika kwa mafungu ya MB 4 badala ya vijipande. Angalia vizuri: ni sdb, si sdb1. Ukiandika kwenye sdb1, ISO itaanzia ndani ya patisheni, na ile sehemu ya mwanzo ambayo mashine huitafuta haitakuwa mwanzoni. Flashi haitawaka, nawe utatafuta kosa kila mahali isipokuwa kwenye tarakimu moja. Na ukiandika sda, dd haitakuuliza kama una uhakika. Itaanza palepale na jedwali la patisheni za diski yako. Unaweza kuikatisha kwa Ctrl+C, lakini kilichokwisha kuandikwa hakifutiki. Kwa hiyo mimi huandika amri yote, naondoa mkono kwenye kibodi, nasoma tena of= nikilinganisha na lsblk iliyo juu yake, ndipo nabonyeza.

Hiyo conv=fsync nayo ina kisa. Linux hupenda kupokea data kwenye RAM kwanza na kuiandika polepole baadaye, hivyo bila agizo hilo unaweza kuambiwa kazi imekwisha wakati GB nzima bado iko njiani. Ukichomoa hapo, umechomoa flashi nusu. Agizo hilo huilazimisha dd isitoe jibu hadi kila baiti ifike kwenye flashi.

Kisha kagua. Chomoa flashi, uichomeke tena, ili kompyuta isikusomee nakala iliyobaki kwenye RAM ukadhani imesoma flashi. Tazama lsblk upya, halafu:

sudo cmp -n $(stat -c %s linuxmint.iso) linuxmint.iso /dev/sdb

Amri hii hulinganisha faili na flashi baiti kwa baiti, kwa urefu wa faili tu. Ikinyamaza na kukurudishia mstari wa amri, vimelingana. Ikisema vimetofautiana kwenye baiti fulani, huenda flashi hiyo ni mbovu au ni ya uongo, basi ipime kwa F3 kama nilivyokueleza.

Kuwasha ni rahisi. Kwenye T440 bonyeza F12 mara nembo inapotokea, uchague USB. Kwa HP huwa ni Esc kisha F9, kwa Dell ni F12. Mint itafunguka ikiendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya ndani. Usikimbilie kubofya ikoni ya kusakinisha. Kaa humo, jaribu Wi-Fi, sauti, kibodi nzima, mwanga wa skrini, na kama upo uwezekano, projekta. Kitakachogoma hapa huenda kikagoma na baada ya kusakinisha, bora ukijue sasa ambapo hujapoteza kitu.

Na kabla ya kusakinisha mpigie kaka yako. Umeniambia amekuachia mashine. Hukuniambia kama ameshatoa mafaili yake. Kwenye diski ile kuna picha za watu na vyeti vilivyoskaniwa, na programu ya kusakinisha ikifika kwenye chaguo la kufuta diski yote haitatofautisha chako na chake. Fungua diski ukiwa ndani ya Mint ya kwenye flashi, nakili kila alicho nacho, mwonyeshe, akubali, ndipo uendelee.

Baadaye utasikia habari za Ventoy, inayokuwezesha kuweka ISO kadhaa kwenye flashi moja kwa kuzinakili tu. Ni nzuri, nami ninayo. Lakini ijifunze baada ya hii, ili ujue inakusaidia kazi gani.

Naona mbali kidogo: hapo mjini kompyuta za Windows 10 zilizoachwa njia panda si yako peke yake. Stesheneri inayoweza kumwekea mwalimu mfumo endeshi halali, ikamweleza faili lilitoka wapi na lilikaguliwaje, itapata wateja. Siku mteja akikuuliza "una hakika gani?", umwonyeshe namba mbili zilizolingana.

Basi fanya hivi. Ukishapakua, kabla hujaandika chochote, nitumie kwa simu herufi zote 64 za namba iliyotolewa na certutil, uniambie na jina kamili la ISO. Mimi nitakuwa nimepakua yangu huku kwa mtandao mwingine. Zikilingana nitakujibu, nami nitakuwa chanzo chako cha tatu, ndipo uendelee.

Nisalimie mama yako sana. Mwambie jioni utakayoandika flashi ile diski ya nje aiweke kwenye mkoba wake aende nayo nyumbani.

Ni mimi mjomba wako.